Mlango Ambao Mokami Hakuupaka

“Mama mkubwa, mbona mlango hujaupaka?”

Nilimuuliza Mokami swali hilo mwaka 1952, siku ya kuamkia Krismasi, tope la njia ya Nyakunguru likiwa bado miguuni mwangu. Nilikuwa natoka kwa bibi, nilikokaa tangu shule ifungwe. Nilikuwa nimemaliza darasa la kwanza, na wakati ule nilikuwa nauliza kila kitu. Nyumba ya Mokami niliiona tangu kule chini kwenye migomba: ukuta mweupe juu, mwekundu chini, na katikati mstari wa madoa meusi uliozunguka nyumba nzima kama shanga za shingoni. Nilipofika mbele nikakuta mlango umezungukwa na samadi mbichi, imepakwa ovyo, nyingine imedondokea kizingitini. Ilikuwa kama mtu aliyevaa nguo ya sikukuu akasahau kupangusa mdomo baada ya uji.

Mokami alinitazama, akautazama mlango, akasema mtungi hauna maji. Nikaenda mtoni. Niliporudi nikatumwa kuni. Baada ya kuni ikawa chumvi kwa jirani. Mpaka jua linazama nilikuwa nimetembea kuliko safari yenyewe ya kutoka Nyakunguru, na jibu sikupata.

Habari yenyewe niliipata baadaye, vipande vipande: kwa mama, kwa Philomena binti wa Mokami, na kwa mzee Nyangwine mwenyewe siku ambazo pombe ya ulezi imemlegeza. Nimeviunganisha kama nilivyoweza.

Mokami ni mke wa mzee Nyangwine, na mzee Nyangwine ni kaka mkubwa wa baba yangu, Nashoni. Tunakaa wote boma moja hapa Matongo. Nyumba zimezunguka zizi, na ya Mokami ndiyo inayotazama lango. Ya mama yangu iko nyuma ya vihenge, mgeni haioni mpaka aonyeshwe. Kwa hiyo sura ya boma letu ni nyumba ya Mokami. Anayepita njiani anaiangalia hiyo, anajua wenye boma wamelala njaa au wameshiba, wana msiba au wana furaha, halafu anaendelea na safari yake.

Ni mwanamke mfupi mwenye mikono mirefu, na anatembea kama mtu aliyeacha chungu motoni. Akicheka hafungui mdomo, sauti inatokea puani. Kwake watoto wote wa boma ni wake, wa kuwalisha na wa kuwachapa pia, wala hatofautishi nani katoka nyumba ipi. Kitu kinachomuudhi kuliko vyote ni mtu kufanya kazi moja mara mbili.

Hilo la mwisho utaliona kwenye namna yake ya kupamba nyumba kwa Krismasi. Wanawake wengine wa huku huanza mapema mno. Wanapaka, mvua ya Desemba inashuka inaosha, wanapaka tena, wanagombana na watoto walioegemea ukuta, na Krismasi ikifika mtu anasinzia kwenye sala. Mokami anangoja. Anaangalia mawingu ya upande wa ziwa, na siku akiona yamekaa mbali anaamka akiwa ameshakunja nguo kiunoni. Kabla ng’ombe hawajarudi malishoni nyumba imekwisha.

Siri yake ni kwamba hapambi kwa kitu cha kufuatwa mbali. Udongo mweupe unatoka ukingo wa mto, pale pale tunapochota maji, kwa hiyo kila anayekwenda maji wiki hiyo anarudi na bonge moja. Mwekundu unatoka kwenye kichuguu nyuma ya zizi. Mweusi ni masizi ya vyungu, ambavyo vilikuwa visuguliwe kwa ajili ya sikukuu hata hivyo. Brashi hana. Kwanza anasiliba ukuta mzima kwa samadi na majivu, ukishakauka kidogo anapaka udongo kwa viganja viwili kwa pamoja, kuume na kushoto, akianzia nyuma ya nyumba ambako hakuna anayeangalia. Anasema kule nyuma mkono unakosea wee mpaka unachoka kukosea, ndipo anakuja mbele. Yale madoa meusi anayagonga kwa bunzi la mahindi: unakata ncha, unachovya kwenye masizi, unagonga ukutani, linatokea ua. Mtoto wa miaka minne anaweza. Langoni anasimamisha mashina mawili ya migomba ambayo imeshakatwa mikungu, na ndani ananing’iniza masuke ya mtama juu ya mahali pa kulia. Baada ya sikukuu mashina wanakula ng’ombe, na mtama unakuwa mbegu. Hakuna kinachotupwa.

“Krismasi isimchoshe mtu mpaka akashindwa kuila,” husema.

Mwaka ule wa 1952 ilikuwa Krismasi yake ya kwanza tangu abatizwe. Upepo ulikuwa umeezua paa la kanisa la kigango, na Simioni, katekista wetu, alimwomba sala ya sikukuu isaliwe uani kwake. Mokami alifurahi, na kwa furaha hiyo akapamba kuliko alivyopanga. Alizunguka nyumba yote, na alipofika mlangoni hakusimama. Akauzungushia mlango udongo mweupe, upana wa viganja viwili, na juu yake madoa mekundu yamepangwa vizuri.

Hapo ndipo alipokosea. Mtu wa mbali asingeona kosa lolote. Lakini kwa wazee wa upande wetu, nyumba inaweza kupakwa kwa sababu nyingi, ila mlango haupakwi kwa sababu nyingi. Mlango mweupe wenye madoa mekundu kwenye boma lenye msichana mkubwa una maana moja tu: baba yuko tayari kusikia habari za ng’ombe za mahari. Mokami alilijua hilo tangu utoto. Anasema siku ile alikuwa anafikiria wageni wa sala, na mikono yake ikafanya kile ilichozoea kufanya wageni wakisubiriwa.

Na msichana mkubwa alikuwepo. Philomena alikuwa amemaliza darasa la nne, amepita mtihani, na masista walikuwa wamempa nafasi ya darasa la tano kwenye shule yao ya bweni kuanzia Januari. Mokami alitaka aende kuliko alivyotaka kitu kingine chochote. Mzee Nyangwine alikuwa hajasema ndiyo wala hapana. Kaka mtu, Mseti, alikuwa na mchumba upande wa Serengeti, na kwa desturi ng’ombe za dada ndizo kaka anazoolea. Kila alipomtazama Philomena akisoma uani alikuwa anaona mke wake mwenyewe anazidi kuwa mbali. Sidhani alikuwa mbaya. Ndizo ng’ombe alizohesabiwa tangu azaliwe.

Asubuhi ya siku mimi niliyorudi, kabla sijafika, waliingia langoni wazee watatu. Mbele yao alikuwa Heche wa ng’ambo ya mto Mara, tajiri wa ng’ombe na wa maneno, aliyekuwa anakwenda Nyakunguru kumsalimia dada yake. Walipewa viti nje, kando ya mlango, kwa sababu ndani udongo ulikuwa bado haujakauka. Mseti alikimbilia viti kabla hajatumwa. Philomena alikuwa nyuma ya nyumba anakoboa mahindi, akasikia kila neno.

“Mura,” Heche alimwambia mzee Nyangwine, kama kijana kwa kijana mwenzake, maana walitahiriwa mwaka mmoja na hawaoneani haya, “sisi tulikuwa tunapita tu. Nyumba yako ndiyo imetuita.”

Mzee Nyangwine alijua nyumba ilipakwa kwa ajili ya sala. Angeweza kusema. Badala yake alitabasamu akauliza habari za malisho, na Heche akaanza kueleza habari za kijana wake, alivyo mpole, alivyo na mkono mzuri kwa ndama, na jinsi angependa kumposea binti wa rafiki yake.

Mokami alifika na kuni kichwani, akasalimia, akaelewa. Philomena anasema alisikia kuni zikitua chini. Mgeni aliyeitwa na mlango hafukuzwi. Ukimwambia hapana umemtukana, na tusi la namna hiyo ukoo mmoja unaweza kuutunzia ukoo mwingine mpaka wajukuu. Tena mwanamke hawezi kukatiza maneno ya wazee. Kwa hiyo hakukatiza. Alikwenda zizini na karai, akarudi limejaa samadi ya asubuhi ile, inafuka moshi.

“Samahani wazee wangu,” akasema, “sogezeni miguu.”

Wakasogeza. Mokami akachota kwa viganja viwili na kuanza kuufuta mlango wake, kuanzia chini, juu ya ule weupe na yale madoa aliyoyapanga. Samadi ilidondoka karibu na miguu ya Heche, ikabidi ainue vidole.

“Mama Mseti,” mzee Nyangwine akauliza, “unafanya nini?”

“Naitengeneza nyumba.”

“Si imeisha?”

“Ya Krismasi imeisha. Ya wakwe haijaanza. Nilichanganya.”

 Heche aliitazama samadi, akamtazama mwenzake aliyekaa kushoto, ambaye alikuwa anaangalia juu kama anatafuta mvua. Halafu akaanza kucheka, taratibu, mpaka kikohozi kikamshika na Mseti akapewa kazi ya kutafuta maji.

“Na ya wakwe itaanza lini, mama?”

“Mtoto akimaliza shule, baba.”

“Kwa mvua hizi samadi hiyo itakauka lini?”

“Ndiyo maana nimeweka nyingi.”

Hapo hata mzee Nyangwine alishindwa kujizuia. Na ukifikiria vizuri, mambo yote yalikuwa yameshamalizika. Heche hakukataliwa na mtu yeyote. Aliitwa na mlango, na mlango umesema ulikosea. Walikula ugali wa ulezi na kuku, wakashiba, wakaaga. Heche alipofika langoni aligeuka akasema atakuwa anapitia kila Krismasi kuangalia kama pamekauka.

Wageni walipokwisha kuondoka, mzee Nyangwine alikaa akiutazama mlango ule kwa muda.

“Ungeniambia kwa mdomo,” alimwambia mkewe.

“Kwa mdomo nimekwambia tangu ulezi unapandwa.”

 Mokami alikuwa ametamka neno shule mbele ya wazee watatu na mumewe hakulipinga, na kwetu mwenye boma asipopinga amekubali. Tena Heche ni mtu asiyeweza kutunza kichekesho. Kabla ya mwaka mpya habari ya mlango wa Nyangwine ilikuwa imevuka mto, imefika minadani, na kila aliyeisimulia aliisimulia na ile sehemu ya mtoto kumaliza shule. Mzee angerudi nyuma vipi? Januari alilibeba mwenyewe sanduku la Philomena, begani, mpaka kwa masista, na wapo waliomsikia njiani akijisifu kwamba wazo ni lake.

Mseti hakufurahi. Alimnunia mama yake mpaka mvua za masika, halafu akaondoka kwenda Kericho kwenye majani ya chai, kama vijana wengine wa huku. Alirudi na ng’ombe zake mwenyewe, akaoa msichana yule yule, ambaye alikuwa amemngoja. Siku hizi akilewa kidogo anawatania wenzake kwamba mke wake kamuoa kwa chai, wao wameoa kwa dada zao. Mokami husema mwanaye alikwenda kijana akarudi mtu mzima. Mimi nadhani ilimuuma kuliko anavyosema, maana kila aliyetoka Kenya kupitia Sirari alikuwa anamwita amkaribishe uji na kumuuliza kama amemwona.

Mlango nao ukabaki hivyo. Kila Krismasi Mokami anapaka nyumba, anazunguka, anafika mlangoni anaweka samadi tupu. Kila Krismasi Heche anapita kwenda kwa dada yake, hata baada ya kumwoza kijana wake kwa watu wengine. Hakai. Anasimama langoni na fimbo yake, anauliza, “Bado?” Mokami anajibu kutoka jikoni, “Bado.” Basi, anaendelea na safari.

Kilichonichekesha ni wanawake wengine. Walioingia dini baadaye walikuja kusali uani kwa Mokami, wakaona nyumba nzuri yenye mlango mtupu, wakadhani hiyo ndiyo namna ya Kikristo. Isitoshe inapunguza kazi na udongo. Mwaka wa pili nyumba tatu nne zikawa na milango ya samadi. Mama Agustina, jirani yetu, alikuwa na mabinti watatu nyumbani na alikuwa anatamani wakwe usiku na mchana. Akapamba Kikristo, akaacha mlango, akakaa kusubiri. Wazee walipita njiani, wakaangalia, wakaenda zao. Mwaka uliofuata hivyo hivyo. Alianza kusema kwamba amerogwa. Ni Mokami aliyemwendea hatimaye na bonge la udongo mweupe ndani ya kanga, akamwonyesha pa kupaka. Mabinti wawili waliolewa kabla ya mavuno, na mama Agustina hajaacha kumlaumu kwa ile miaka miwili.

Mimi nilikuwa naendelea na madarasa yangu. La pili, la tatu, la nne. Nilipopita kwenda la tano baba yangu hakusema kitu, akaniacha niende kule kule kwa masista alikopitia Philomena. Nadhani aliona aibu kumzuia wa kwake wakati wa kaka yake ameshakwenda. Philomena alipomaliza darasa la nane alikwenda kusomea ualimu. Nilikuwa namwona wakati wa likizo tu, amevaa viatu, anaongea Kiswahili cha taratibu, lakini anakoboa mahindi haraka kama zamani.

Mwezi uliopita, Desemba ya 1958, alirudi amemaliza. Amepangiwa kufundisha karibu na Mugumu, na anaanza mwezi huu. Boma zima lilikuwa katika hali ya sherehe. Watu walikuja kumwangalia kama hawajawahi kumwona, wazee wakawa wanamwita mwalimu, na yeye akawa anapiga magoti na kusema shikamoo kama siku zote, jambo lililomfurahisha mzee Nyangwine kuliko cheti. Na kila mtu alikuwa anasubiri kuona mlango. Mama Agustina alileta udongo mweupe wa kwake, mzuri, ameuchekecha kabisa, akasema deni la dawa hulipwa kwa dawa, wakacheka sana.

Mimi nilikuwa na jambo langu. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, bado la nane. Siku chache kabla ya hapo mtu wa Nyamongo alikuwa amekuja kwa baba, wakakaa nyuma ya vihenge, na kupitia ukutani nililisikia jina langu likitajwa pamoja na habari za ng’ombe. Baba hakumjibu kitu cha maana. Lakini jioni yake alimwambia mama kwamba kwa msichana darasa la saba nalo si dogo, na kwamba mwalimu mmoja kwenye boma anatosha.  Nilimwambia Philomena, naye akasema atazungumza na baba mdogo, ila nilimwona anavyokunja mkono wa nguo yake, nikajua hana uhakika. Mokami sikumwambia. Sijui aliyemwambia ni nani.

Siku ya kupaka, mawingu yalikuwa mbali. Tulianzia nyuma, mimi na Philomena na watoto wa boma, kila mmoja na bunzi lake. Mokami ameanza kuzeeka sasa, anapumzika kidogo akifika kwenye kona, lakini viganja bado vinakwenda kuume na kushoto pamoja. Saa za mchana tukafika mbele. Heche alikuwa ameshafika, na safari hii alikuwa amekubali kiti. Baba yangu alikuwa zizini anatengeneza mti wa lango, karibu kabisa, anajifanya hatusikilizi.

Udongo mweupe wa mama Agustina ulikuwa umebaki chungu kizima. Nilimsogezea Mokami. Philomena alikuwa anatabasamu, anautazama ule mlango kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Mokami akakitazama chungu, akakirudisha kwangu, akaniambia nikakitumie kwa nyumba ya mke wa Mseti. Halafu akavuta karai, akazamisha viganja viwili kwenye samadi, akaanza kuipaka kuzunguka mlango, kuanzia chini.

  Watoto waliacha kugonga mabunzi. Nikaona hakuna atakayeuliza, na mimi swali likinikaa kifuani haliniachi nipumue.

“Mama mkubwa,” nikasema, “Philomena si amemaliza? Mbona mlango bado huupaki?”

Safari hii hakunituma maji. Aliendelea kupaka mpaka akafika juu, akajipangusa mikono kwenye majani, akageuka. Alikuwa ananitazama mimi, lakini sauti aliitoa kubwa, ya kufika zizini.

“Kwani wewe umemaliza?”